Viatu Vilipokuja Kununua Miguu

Usiku wa jana niliota kisigino changu cha kulia kimegoma kuamka. Mimi niliamka, mguu uliamka, vidole viliamka vyote na kuanza kujinyoosha, ila kisigino kilibaki kitandani, kimejifunika shuka gubigubi.

"Amka," nikakiambia. "Tuna kazi."

"Una kazi wewe," kikasema. "Mimi ni mgonjwa. Na hata nikipona, sitaki kuonekana nawe."

Sikushangaa kwamba kinasema. Kilichoniudhi ni kwamba kilisema kwa sauti ile ile ninayoitumia mimi darasani, ile ya kumwambia mtoto akae chini. Nimefundisha shule ya msingi hapa Tanga tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, kwa hiyo dharau naijua nikiisikia. Nyingi niliitengeneza mwenyewe.

Niwaeleze kwanza chanzo cha ugomvi wetu. Ijumaa hii tunamwoza Hidaya, mtoto wa marehemu kaka yangu. Kwetu bibi harusi hapakiwi garini kama gunia la mchele. Anasindikizwa kwa miguu, ngoma mbele, vigelegele nyuma, kutoka nyumbani kwetu barabara ya kumi na nne mpaka kwa mumewe barabara ya tatu, na anayemshika mkono ni shangazi yake. Shangazi ni mimi. Asiyeweza kutembea hashiki mkono wa mtu, na nyuma yangu yupo Mwanakombo, mdogo wake mama yake Hidaya, ananivizia kama paka anavyomvizia muuza samaki asinzie.

Na kisigino kinaniuma miezi sasa. Hatua ya kwanza ya asubuhi ni msumari. Daktari wa mazoezi ya viungo aliniambia, bila hata kuniangalia usoni, ninunue kiatu cha kutembelea: kigumu nyuma, kinene chini, kinachoubeba unyayo pale katikati palipoinuka, kinachokunjika kwenye vidole tu, na mbele kiache nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Ninunue jioni, mguu ukiwa umevimba. Kisha akanionyesha cha kwake. Nikaona kiatu cha mlinzi wa ghala. Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Badala yake tukakaa kamati. Jumapili, sebuleni kwangu, kiatu cha sare kikapitishwa juu ya sinia, kimoja tu, cha rangi ya dhahabu, bapa kama chapati. Kila mama alikishika, akakigeuza, akakisifu, akampa mwenzake. Hakuna aliyekivaa. Halafu Bi. Sijali, katibu wetu, akasema kila mtu ataje namba ya mguu wake, kwa sauti, mbele ya watu. Ndivyo tulivyo: tuna haya ya kila namna, ila haya ya kuulizana mambo kama hayo hatuna. Mwanakombo, ambaye mguu wake ukipita uani pameshafagiwa, akasema thelathini na nane. Sasa mlitaka mimi niseme ngapi? Nikasema thelathini na saba na nusu.

"Arobaini na moja," kisigino kikasema kutoka ndani ya shuka.

"Nyamaza."

"Sinyamazi. Hiyo nusu uliitoa wapi?"

Kikashuka kitandani chenyewe, kikatangulia mlangoni. Sikuwa na budi kukifuata, kwa maana mtu hafiki mbali bila kisigino. Kufungua mlango, niko sokoni.

Ni jioni. Jua limefungwa kwa kamba ya kiatu kwenye nguzo ya umeme, haliwezi kuzama. Chini ya nguzo imesimama kandambili moja ya buluu, kuukuu, mkanda wake umeungwa kwa waya na msumari. Hiyo ndiyo mkuu wa soko. Nilijua mara moja, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa haifanyi kazi yoyote.

"Mbona jua mmelifunga?" nikauliza.

"Amri ya daktari. Viatu ni jioni. Asubuhi mguu unadanganya." Ikanitazama miguuni. "Wako unadanganya saa zote. Panda."

"Nipande wapi? Mimi nimekuja kununua kiatu."

"Hapa viatu ndivyo vinavyonunua. Nyinyi mkiachiwa kuchagua mnachagua kwa macho, na macho hayatembei. Panda, unazuia wateja."

Napanda. Kuna ubao mrefu, tumekaa juu yake tumepangwa, miguu inaning'inia mbele. Kati ya mtu na mtu limetundikwa pazia la kanga, kwa hiyo jirani yako humwoni, unaiona miguu yake tu. Wenyewe hatuna maana yoyote pale. Sisi ni mifuko ambayo bidhaa ilikuja nayo. Upande wangu wa kulia inaning'inia miguu miwili mipana yenye hina mpya. Niliitambua. Sikuisalimia.

Viatu vinapita viwili viwili, vinaongea, havina haraka. Vinatukunja vidole, vinatunusa, vinatugonga nyayo kusikiliza mlio. Ninavyofanya mimi mitumbani, hivyo hivyo, na sasa naona jinsi inavyokera. Kiatu cha ofisini kinanibonyeza, kinamwambia pacha wake, "Huu umetumika sana." Pacha anasema, "Na umetumika vibaya." Vinaondoka. Raba nyekundu inatangaza kwa kila mtu kwamba ndani yake mna hewa, na kwamba hewa hiyo si ya hapa.

"Anayejisifu kabla hajaulizwa bei, hanunui," kisigino kinaninong'oneza. Kwa mara ya kwanza siku hiyo tunakubaliana.

Mara soko zima linatulia. Kinakuja kiatu cha dhahabu. Hakitembei, kimekaa juu ya sinia, na sinia limebebwa na kandambili nne zilizoinamisha vichwa.

"Namba?" kinaniuliza, kinatazama kwingine.

"Thelathini na saba na nusu."

"Na huyo jirani?"

"Thelathini na saba," inasema sauti nyuma ya kanga. Ameshashusha, mshenzi yule.

Kinapanda mguuni kwangu. Vidole vinaingia vikiwa vimepandana, kila kimoja kinamlaumu mwenzake. Kisigino kinabaki nje, nusu yake nzima.

"Mimi nilale wapi?" kinauliza.

"Barazani," kinajibu kiatu cha dhahabu.

Wakati huo huo linafika dole gumba la mkono. Mkono wenyewe haupo. Limejitwisha godoro, na jiko la mafuta ya taa linalifuata kwa nyuma. Linasimama mbele ya vidole vyangu, linabisha hodi kwa ukucha.

"Nimeambiwa na daktari kuna nafasi yangu hapa mbele," linasema.

"Hakuna," kinasema kiatu.

"Lazima iwepo. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Upana wangu mimi, hata siombi zaidi."

"Kwangu hakuna nafasi. Kwangu kuna kupendeza."

Dole gumba linanitazama mimi. Natazama pembeni. Linatandika godoro lake chini, katikati ya njia, linakaa, linawasha jiko. Viatu vinalizunguka vikilalamika kuhusu watu wanaohamia mjini bila mpango.

"Na unyayo," kisigino kinauliza kutoka barazani, "utaubeba?"

"Mimi sibebi mtu," kinasema kiatu cha dhahabu. "Mimi natazamwa."

Ni kiatu kijinga, na mimi nilikipenda. Nasema ukweli. Kilimetameta, na mguu wangu ndani yake ulikuwa mguu wa mwanamke mwingine, mwanamke ambaye hajawahi kusimama siku nzima juu ya saruji akiwafokea watoto wa watu. Ningekubali kisigino kilale barazani mpaka kife kwa baridi.

"Huyo amebanwa," ikasema sauti nzito.

Nyuma ya sinia kilikuwa kimesimama kiatu cheusi. Kipana, cha kamba, soli nene, na nyuma kigumu kama ukuta wa choo. Hakina ua, hakina bizimu, hakina hata aibu. Ungefikiri mtu amesahau mkate kwenye oveni.

"Wewe nani?" nikauliza.

"Uliniona hospitali ukasema moyoni, mlinzi wa ghala."

"Kama nilisema moyoni ulijuaje?"

"Sura yako haina siri, mwalimu."

Kikanivua chapati ile, kikanikunja. Kilinikunja hasa, bila adabu, mwanzo kwenye vidole, kisha katikati, kisha kikanipindapinda kama nguo inayokamuliwa.

"Inauma lini?"

"Asubuhi, hatua ya kwanza. Na nikikaa sana nikainuka."

"Nyumbani unatembea na nini?"

"Peku. Sakafu yangu ni safi."

"Hakuna aliyekuuliza usafi." Kikabonyeza chini ya kisigino, pale pale, nikapiga ukelele. "Ni hapa. Mguu unataka kubebwa, na wewe unautembeza juu ya chapati."

"Ni sare. Kamati imepitisha."

"Kamati inakanyaga kwa niaba yako?"

Nikauvuta mguu, kikaushikilia.

"Mimi sikupendi," kikaendelea, "lakini nakuweza. Huyo wa kwenye sinia unampenda, hakuwezi. Basi taja namba tumalize."

"Umeshanipima. Namba unaijua."

"Naijua. Ila sheria ya soko ni hii: namba anaitaja mwenye mguu, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi."

"Mashahidi gani?"

Pazia la kanga likaanguka, na soko likaanguka nalo. Niko sebuleni kwangu.

Kamati nzima imekaa mkekani, miguu mbele. Mwanakombo yuko kando yangu, hina yake inang'aa. Bi. Sijali amesimama katikati na sinia. Dole gumba nalo limehamia, liko kwenye kona na godoro lake, linachemsha chai ya watu wote bila kuombwa.

"Tunarudia namba," anasema Bi. Sijali. "Mama Shufaa?"

"Thelathini na tano," anasema Mama Shufaa, na miguu yake inakuwa thelathini na tano hapo hapo. Tunapiga vigelegele. Bi. Sijali anasema yeye ni thelathini na moja. Miguu yake inanywea, anayumba, anakaa juu ya sinia lake kwa heshima zote, kana kwamba ndivyo alivyokusudia.

"Ishirini na nne," anasema Mwanakombo.

Miguu ile mipana, mbele ya macho yangu, inakuwa ya mtoto anayefundishwa kusimama dede. Anajaribu kuinuka, anaanguka kwa ubavu.

"Hongera, wifi," namwambia. "Umependeza."

"Ahsante, wifi. Na wewe tukusikie."

Sikuweza kukubali. Mtu aanguke vizuri namna ile, halafu mimi nimebaki nimesimama kama mpagazi? Nikasema, "Kumi na tisa," nikaanguka juu yake. Wakanishangilia mpaka mkeka ukatikisika.

Tuko vile vile, tumelaliana, tunapongezana, nje ngoma ikaanza. Mlango ukafunguka, akaingia Hidaya. Amevaa shela, hina imempanda mpaka viwikoni. Alifanana na baba yake pale kwenye nyusi, na hilo sikulitarajia.

"Shangazi, twende."

Najaribu kusimama. Miguu ya kumi na tisa haisimamishi mtu mzima. Naanguka. Najaribu tena, naanguka upande wa pili.

"Anakuja, mwanangu," anasema Mwanakombo kutoka sakafuni. "Anamalizia kuvaa." Hata ndotoni mwanamke yule hakosi neno.

"Baba alisema utanishika wewe," akasema Hidaya. "Alisema usiniachie mpaka mlangoni kwa watu."

Hapo niliumia, na kisigino hakikuhusika. Kaka yangu alisema hivyo kweli. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, nikamwambia lala, nitamshika. Hakuniuliza nitavaa nini.

Hidaya akasubiri. Akatutazama wote pale chini, mama zake, kamati yake, tumelala kama boga lililopasuka. Kisha akashusha ushungi, akatoka peke yake. Ngoma ikamfuata. Nyumba yangu haina dirisha upande wa barabara, lakini sasa inalo, na humo barabara zinapita zenyewe, ya kumi na tatu, ya kumi na mbili, ya kumi na moja, na Hidaya yumo katikati ya watu, mkono wake wa kulia ameutoa kidogo pembeni, wazi, haujashikwa na mtu.

Kamati inaendelea kupiga makofi.

"Arobaini na moja!" nikapiga kelele.

Makofi yakakatika. Hata chai iliacha kuchemka.

"Rudia," ikasema kandambili ya buluu. Ilikuwa mlangoni, imesimama vile vile, haifanyi kazi.

"Arobaini na moja! Na jioni inakaribia arobaini na mbili! Andikeni, mtangaze msikitini mkitaka!"

Miguu yangu ikarudi. Ilirudi yote, na upana wake, na sugu zake, na ukucha ule mbaya. Kuitazama sikuipenda, ila ilinisimamisha. Kandambili ikachukua chaki, wanavyofanya wauza mitumba, ikanipindua mguu wa kulia na kuniandika namba chini ya kisigino. Ilitekenya. Kisigino kikasema, "Haya, sasa tunaelewana," kikatokwa na machozi, nami nikajifanya sioni.

Huko chini Mwanakombo akakohoa.

"Na mimi," akasema, "arobaini na mbili."

"Sauti," ikasema kandambili.

"Arobaini na mbili! Haya, nimesema! Mnataka na ya kiuno?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka mbavu zikauma, na yeye akanyanyua guu lake liandikwe chaki, ananitukana, na katikati ya matusi akaanza kucheka pia. Dole gumba likahamia kiatuni kwangu na godoro lake, likasema chumba kinatosha. Kiatu cheusi kikasema, "Mkiendelea na upuuzi huo, harusi itawaacha." Nikainama kufunga kamba. Ngoma naisikia mbali, barabara ya saba, ya sita. Kamba ni ndefu, naivuta, haiishi, naivuta, naivuta kwa mikono miwili, nikaamka nimeng'oa chandarua.

Kulikuwa kumekucha. Nikashusha mguu sakafuni, na msumari ulikuwa pale pale. Ndoto haitibu mtu, na anayewaambia inatibu ana kitu anataka kuwauzia.

Mlangoni kulikuwa na hodi. Nikachechemea peku kutoka chumbani, nikafungua. Ni Mwanakombo, ana bakuli la mahamri limefunikwa kwa kitambaa. Mwanakombo haji kwangu bila kikao, na haji na mahamri hata kukiwa na kikao.

"Umeamkaje, wifi?"

"Salama, wifi. Karibu ndani."

Akavua viatu mlangoni kama desturi, akapita peku juu ya sakafu yangu nyekundu niliyoipiga nta jana. Akaweka bakuli mezani. Akalisogeza kidogo. Akalirudisha.

"Nilitaka kukuuliza," akasema. "Vile viatu vya sare vilivyoletwa juzi. Vimekukaa?"

"Vimenikaa vizuri mno," nikasema. "Na wewe?"

"Mimi kama nilizaliwa navyo."

Nikatazama chini, pale alipopita. Kutoka mlangoni mpaka mezani, kila alipokanyaga mguu wa kulia, palikuwa na chaki nyeupe juu ya nta, nne na mbili, zimepinduka kama maandishi yanavyopinduka kwenye kioo. Nikainua uso nimwambie jambo la kumkata maini, na nilikuwa nalo tayari. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama nyuma yangu, sakafuni, njia niliyotoka nayo mimi chumbani.

Sikugeuka. Sikuwa na haja.

"Barabara ya tatu ni mbali," Mwanakombo akasema taratibu.

"Mbali sana."

"Mtu anaweza kuanguka njiani akaaibisha ukoo."

"Anaweza."

Akafunua bakuli, akanipa hamri, akachukua na lake. Tukala tumesimama, kila mtu ameelemea mguu wake wa kushoto.

"Leo twende sokoni wote wawili," nikamwambia. "Na Ijumaa mkono wa kulia wa Hidaya ni wangu. Wa kushoto shika wewe."